GLD juu ya meza ya sonara wa Mbeya: dhahabu moja, kodi mbili

GLD, mfuko wa dhahabu unaouzwa kwa hisa, naupa alama 7 kati ya 10 kwa mtu anayeishi Mbeya. Alama 5 kwa anayeishi Marekani na kulipa kodi huko. Mfuko ni mmoja, dhahabu ni moja, na hisa za hao wawili zinauzwa dakika hiyo hiyo kwa bei hiyo hiyo. Tofauti yote iko kwenye kodi, na hilo ndilo wateja wanaonijia dukani na simu mkononi hawaligusi. Wao huuliza, "Fundi, hii dhahabu ya mtandaoni ni ya kweli au ni matapeli?" Ni ya kweli. Matapeli wapo, tena wengi, lakini siyo hii ninayoizungumzia.

Mimi ni sonara. Nina meza yangu Uhindini, hapa Mbeya mjini, na kazi yangu ni kuyeyusha, kuvuta waya, kuunga mikufu iliyokatika na kubishana na maharusi juu ya uzito wa pete. Mfuko ninaoupitia hapa unaitwa SPDR Gold Trust, sokoni unajulikana kwa herufi tatu tu, GLD. Ninazo hisa zake chache, nilizinunua kupitia wakala wa nje anayepokea Watanzania. Dada yangu mkubwa, nesi huko Houston, anazo nyingi kunizidi, na ndiye aliyenifanya nisome kurasa za kodi ambazo hakuna mtu anayezisoma kwa hiari. Hunipigia saa tatu usiku, kwao ni mchana, na hoja yake haibadiliki: "Mdogo wangu, wewe ndiye mtu wa dhahabu. Kwa nini hii wananikata kuliko hisa zangu nyingine?"

Bidhaa yenyewe kwanza, maana hapo sina ugomvi mkubwa. GLD ilianza kuuzwa New York Novemba 2004. Ndani yake hakuna kiwanda wala mgodi. Kuna mikate ya dhahabu iliyohifadhiwa kwenye maghala, kwa sehemu kubwa London, kila mmoja una wakia kama 400, yaani kilo 12 na nusu hivi. Orodha ya mikate hiyo huwekwa hadharani, kila mmoja na namba yake, kiwanda kilichousafisha na usafi wake. Kwa mtu aliyezoea kupima kwa jiwe na tone la asidi, kisha kumtazama muuzaji usoni, orodha ile ni raha tupu.

Hisa moja ilianza ikiwa sawa na sehemu ya kumi ya wakia. Leo ni kama 0.092 ya wakia. Kwa mizani yangu hiyo ni gramu 2.86 za karati 24. Nilitaka kuziona kwa macho, nikachukua bamba la dhahabu safi, nikalikata kwa mkasi kidogo kidogo mpaka mizani ikasoma 2.86. Kipande kilikaa kwenye ncha ya kidole cha shahada na nafasi ikabaki. Hapo unapata pete nyembamba ya kike, basi. Mwaka 2004 kingekuwa gramu 3.11. Ile robo gramu haikuibwa. Ni ada ya kuendesha mfuko, asilimia 0.40 kwa mwaka, na kwa kuwa dhahabu haizai riba wala gawio, mfuko hauna pesa ya kulipia ghala na watumishi isipokuwa kwa kuuza dhahabu yenyewe. Ni tupa inayopita juu ya pete yako mwezi baada ya mwezi, na vumbi lake halirudi kwako. Vumbi hilo lishike kichwani, kwa sababu kodi ya Marekani nayo imelitolea macho.

Alama moja nimeikata papo hapo kwa sababu huwezi kwenda kuchukua chako. Kubadilisha hisa kuwa dhahabu ni kazi ya taasisi kubwa zilizoruhusiwa, tena kwa mafungu ya hisa 100,000. Mimi na wewe tunauza hisa na kupokea dola. Kwa mteja wa kawaida hilo si tatizo. Kwa sonara linakera.

Sasa kodi, na nitaanza na ya dada kwa sababu ndiyo yenye mambo.

Kule Marekani, ukiuza hisa za kampuni ulizokaa nazo zaidi ya mwaka mmoja, faida inatozwa kwa viwango vya nafuu: 0, 15 au 20 kwa mia, kutegemea kipato chako. Dada aliichukulia GLD kuwa hisa kama nyingine, maana ameinunua kwenye programu ile ile, kwa kubonyeza pale pale. IRS, mamlaka ya kodi ya huko, haitazami ulibonyeza wapi. Inatazama mfuko umeundwaje. Huu umeundwa kama udhamini ambao kila mwenye hisa anahesabiwa kuwa mmiliki wa sehemu yake ya dhahabu, kwa hiyo sheria inamchukulia dada kana kwamba ana kipande cha dhahabu kabatini. Na dhahabu ya kabatini kule iko kwenye kundi la vitu vya wakusanyaji. Nimelisoma kundi hilo mwenyewe, nikacheka peke yangu dukani: kazi za sanaa, mazulia, vitu vya kale, metali, vito, stempu, sarafu, na vinywaji vyenye kileo. Metali ambayo benki kuu za dunia zinaiweka akiba iko kapu moja na zulia la sebuleni na chupa ya mvinyo! Faida ya muda mrefu ya vitu vya kapu hilo inaweza kutozwa mpaka asilimia 28.

Hiyo 28 ni kikomo cha juu, siyo kiwango cha kila mtu, na hapa maelezo mengi yanapotosha watu. Dada kwa mshahara wake yuko daraja la kodi ya mapato la asilimia 22, kwa hiyo faida yake ya dhahabu inatozwa 22. Chukua faida ya dola 3,000. Ingetoka kwenye hisa za kampuni angelipa asilimia 15, dola 450. Kwa kuwa imetoka GLD analipa 660. Hizo dola 210 za ziada zinauma, lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba kusubiri hakumpunguzii kitu. Akiuza baada ya miezi miwili, kiwango ni 22. Akivumilia miaka kumi, bado ni 22. Anayepata nafuu kwa kuvuka mwaka ni yule wa daraja la 32, 35 au 37, ambaye anashushwa hadi 28. Yaani wamekaa wakaona mwenye kustahili tuzo ya subira ni tajiri! Tajiri huyo, haki yake isemwe, ana mkato mwingine: kipato kikizidi dola 200,000 kwa mtu asiye na mwenza, faida za uwekezaji zinaongezewa asilimia 3.8. Dada hajafika huko. Na jimbo lake la Texas halitozi kodi ya mapato ya watu binafsi, basi angalau anakatwa na mkono mmoja.

Turudi kwenye vumbi la tupa. Kila mara mfuko unapouza dhahabu kidogo kulipia ada, IRS inahesabu kwamba wewe mwenye hisa ndiye uliyeuza. Hukugusa simu, hukupokea hata senti, lakini mwisho wa mwaka inatoka taarifa ya kodi ya mfuko ili upige hesabu ya faida yako katika mauzo hayo madogo madogo. Dada alinisomea yake kwa simu: tarehe, sehemu ya wakia iliyouzwa kwa kila hisa, desimali juu ya desimali. Mimi napima kwa nukta mbili za desimali na najiona makini. Kwa mtu aliyeweka dola 5,000, ada ya mwaka mzima ni dola 20, na faida iliyomo ndani ya hizo 20 ni sehemu tu, kwa hiyo kodi yenyewe ni vijisenti. Kazi ya kuihesabu ndiyo inayozidi kodi. Halafu usidhani ile ada utairudisha kwa kuipunguza kwenye mapato yako: kwa watu binafsi makato ya gharama za aina hiyo yalisimamishwa kuanzia 2018, na sheria ya mwaka 2025 ikayafungia moja kwa moja.

Njia ya kumpunguzia dada maumivu ipo, na ni ya kawaida kabisa kule: anunue GLD ndani ya akaunti ya kustaafu. IRS ilikwisha kukubali kwamba kununua hisa za mfuko wa aina hii ndani ya akaunti hizo hakuhesabiwi kama kununua kitu cha mkusanyaji. Angenunua mkufu kwa fedha hizo, ingehesabiwa kwamba amezitoa. Ndani ya akaunti ya Roth, aina mojawapo ya akaunti hizo, akitimiza masharti ya umri na muda, faida inatoka bila kodi. Ndani ya akaunti ya kawaida ya kustaafu inatozwa akiitoa, kama mshahara. Tatizo ni kwamba hisa alizokwisha kununua nje hawezi kuzibeba tu na kuziingiza humo. Kinachoingia ni fedha taslimu, tena kwa kiwango cha mwaka. Akasema, "Kwa hiyo za zamani zikae." Zikae, dada.

Kuna mlango mwingine wa pembeni, Sprott Physical Gold Trust, mfuko wa Kanada unaouzwa pia New York kwa herufi PHYS. Kwa kuwa ni wa nje, Mmarekani anaweza kuchagua utaratibu wa kuambatanisha fomu 8621 kwenye ritani yake, yaani taarifa yake ya kodi, kila mwaka, na faida ya muda mrefu ikatozwa kwa viwango vya hisa, 15 au 20. Ukisahau fomu, utaratibu wa kawaida wa mifuko ya nje ni mkali kuliko hiyo 28. Nilimweleza dada akakaa kimya, kisha akaniuliza kama naona mtu wa zamu za usiku hospitalini anaweza kukumbuka fomu yenye namba ya tarakimu nne kila mwaka. Nikamwambia aache.

Mimi je? Kwa IRS mimi ni mtu wa nje. Wakala alinijazisha fomu W-8BEN, inayosema siyo Mmarekani na siishi huko. Mtu wa nje akiuza hisa au mfuko kama GLD kwa faida, Marekani kwa kawaida haimtozi kodi ya faida hiyo, mradi hajakaa kwao siku 183 au zaidi mwaka huo. Lile kapu la mazulia halinihusu. Na kwa sababu GLD haitoi gawio, ile asilimia 30 inayozuiliwa kwenye gawio la watu wa nje haina pa kushika. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo kwenye kitu chenye gawio Mtanzania anakatwa 30 kamili bila punguzo. Kwa jicho la mtu wa Mbeya, mfuko usiozaa kitu una raha yake.

Sifuri ya Marekani siyo mwisho wa habari. Mkazi wa Tanzania anatozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inataja maslahi ndani ya udhamini kuwa ni mali ya uwekezaji, pamoja na hisa, ardhi na majengo. Kwa hiyo faida nitakayoipata kwenye GLD inaingia kwenye ritani yangu ya TRA na kutozwa kwa ngazi za mtu binafsi, ambazo juu kabisa ni asilimia 30 kwa kipato kinachozidi shilingi milioni 12 kwa mwaka. Linganisha na hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam: mkazi mwenye chini ya asilimia 25 ya kampuni akiuza hisa zake, faida ina msamaha. Wanaokuambia "ukinunua nje hakuna kodi" wanaongelea nusu ya safari.

Kuna jambo hapo ambalo mhasibu wangu alilisema kwa kupitia tu, nikamrudisha nyuma alirudie. Hesabu ya TRA ni ya shilingi. Nimenunua kwa dola, nitauza kwa dola, lakini gharama inageuzwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku ya kununua, na mauzo kwa kiwango cha siku ya kuuza. Dola ikipanda katikati, ninaonekana nimepata faida hata kama bei ya dhahabu haijasogea hata senti. Ndiyo maana nimehifadhi karatasi ya manunuzi pamoja na kiwango cha dola cha siku ile kwenye bahasha moja. Wateja wanaoniuliza juu ya GLD ninawaambia wafanye hivyo kabla hawajaniuliza kitu kingine.

Kwa upande wa dhahabu ya kushikika, Mbeya tuna kipimo chetu karibu. Soko la madini Chunya lilifunguliwa 2019, na mchimbaji anayetoka Matundasi au Makongolosi na mzigo wake anapita pale. Viwango vya kawaida: mrabaha asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. Mzigo wa shilingi milioni 10 unakatwa 730,000, kabla ya kodi ya zuio. Anayeuza kwa kiwanda cha kusafishia cha ndani au kwa Benki Kuu ana nafuu yake. Lakini tazama makato hayo yanakaa wapi: yanakaa juu ya thamani yote. Dizeli ya karasha, vibarua, chakula cha kambini, mwezi mzima wa mawe yasiyo na kitu, mrabaha hauvijui. Mwenye GLD anatozwa juu ya faida tu, na akipata hasara hatozwi. Nimekaa na wachimbaji wakinywa chai dukani kwangu, wakisikia Mmarekani analalamikia asilimia 28 ya faida wananiuliza kama anatania. Hapana, hatanii, ni kwamba hajawahi kupanga foleni Chunya.

Na dhahabu ya kwangu dukani? Ukinunua bangili, unalipia dhahabu na unalipia ufundi. Siku ya kuirudisha, ufundi haurudi, mimi mwenyewe siurudishi, nami nasema hivi nikiwa mtu ninayeishi kwa ufundi huo. Kama nia yako ni akiba tu na siyo kuvaa, bangili ni njia ghali ya kushika dhahabu, na GLD inaishinda kwa mbali. Kama nia yako ni binti aolewe, acha GLD, njoo Uhindini.

Mzee mmoja wa Tukuyu aliniletea sarafu ya pauni ya dhahabu ya Kiingereza aliyoachiwa na baba yake. Niliiweka kwenye mizani: 7.98, karati 22, vile vile inavyotakiwa. Alitaka niitoboe imfanyie mjukuu kidani. Nikamwomba asiitoboe, iliyotobolewa thamani yake inashuka. Uingereza kwenyewe sarafu hizo, pamoja na zile za Britannia, hazitozwi kodi ya ongezeko la mtaji kwa sababu ni fedha halali ya nchi. Dhahabu ya sarafu ile ikiyeyushwa kuwa kipande, msamaha unayeyuka nao. Akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaifunga kwenye leso akaondoka nayo, nikakosa kazi ya siku.

Kwa anayetaka kubaki Afrika Mashariki, upo NewGold wa benki ya Absa, mfuko wa dhahabu uliozaliwa soko la Johannesburg 2004 na kuorodheshwa Nairobi Machi 2017. Kipimo chake kilikuwa sehemu moja ya mia ya wakia, kidogo kuliko GLD, hivyo mwenye mtaji mdogo anaingia. Kenya imepandisha kodi ya ongezeko la mtaji kuwa asilimia 15 tangu 2023, ila mauzo ya vitu vilivyoorodheshwa soko la Nairobi yamesamehewa. Tatizo lake ni usingizi: mauzo pale ni haba, na mnunuzi anaweza asionekane kwa bei unayoitaka. Na ukiishi Mbeya, TRA bado ni ile ile.

Mifuko ya bidhaa nyingine, mafuta, gesi, ngano, sitaipa alama kabisa, maana siyo ya kulinganishwa na hii ingawa mawakala wanaipanga rafu moja. Huwezi kuweka mapipa ya mafuta ghalani miaka ishirini, kwa hiyo mifuko hiyo hushika mikataba ya bei ya baadaye na kuibadilisha kila inapokaribia kuisha. Mwenzake dada wodini alimshawishi anunue USO, wa mafuta, ulioanza 2006. Kwa kodi, ajabu ni kwamba kwa mtu kama dada huo ni nafuu kuliko dhahabu! Faida ya mikataba hiyo inagawanywa: asilimia 60 inahesabiwa ya muda mrefu na 40 ya muda mfupi, hata kama umekaa nayo wiki mbili. Kwa daraja lake inatoka 17.8 kwa mia, kwa hiyo faida ile ile ya dola 3,000 ingekatwa 534 badala ya 660. Kwa tajiri wa daraja la juu inatoka 26.8.

Nafuu hiyo ina bei yake. Mifuko ya namna ya USO inahesabiwa kuwa ubia, na wewe ni mbia. Kila Desemba 31 mikataba inathaminiwa kana kwamba imeuzwa, na fungu lako la faida linatozwa kodi mwaka huo hata kama hujauza hisa hata moja. Taarifa inakuja kwa fomu K-1, tena kwa kuchelewa, watu wengine wakiwa wamekwisha kuwasilisha ritani zao. Na kodi nafuu haikulindi na bidhaa yenyewe: Aprili 20, 2020 mkataba wa mafuta ya Marekani wa mwezi Mei ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Dhahabu ina vituko vyake, lakini sijawahi kumlipa mtu ili anichukulie dhahabu yangu.

Kwa Mtanzania mifuko hiyo ya ubia ni mibaya zaidi. Tangu Januari 1, 2023 mtu wa nje akiuza hisa za ubia unaouzwa sokoni, wakala anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya mauzo yote, isipokuwa mfuko uwe umetoa tangazo maalum la kuwaondoa wateja katika makato hayo. Nasema mauzo, siyo faida. Unauza kwa hasara na bado unakatwa. Wachimbaji wa Chunya wangejisikia nyumbani. Baadhi ya mawakala wa nje waliona ni usumbufu, wakaacha kabisa kuwauzia wasio Wamarekani. Ukiona kwenye maelezo ya mfuko neno K-1, na wewe unaishi Mbeya, Iringa au Njombe, funga ukurasa.

GDX, mfuko wa hisa za makampuni ya kuchimba dhahabu, nauheshimu lakini siununui. Kwa dada ungekuwa mwepesi: ni mfuko wa hisa, faida ya muda mrefu inatozwa 15, hakuna zulia wala mvinyo. Humo ndani utakuta AngloGold Ashanti, wenye mgodi wa Geita, na Barrick, wenye asilimia 84 ya Bulyanhulu na North Mara huku serikali yetu ikiwa na 16. Ila hayo ni makampuni, yana migomo, madeni na wakurugenzi, na bei yake inarukaruka kuliko dhahabu yenyewe. Halafu unatoa gawio, na gawio kwa Mtanzania ni ile 30. Kuna na la urithi: mtu wa nje akifariki akiwa na hisa za Marekani zinazozidi dola 60,000, kodi ya mirathi ya kule inaingia, na inafika asilimia 40. Mimi hisa zangu hazikaribii huko hata nikizijumlisha na meza, mizani na mitungi ya gesi. Lakini najua wafanyabiashara wa mbao Mafinga na wa maparachichi Njombe ambao wangefika bila jasho, hao wamuulize mhasibu kabla ya kununua.

Kwa nini basi 7 na siyo 10? Moja nimekwisha kuieleza. Nyingine ni ada. Wenye GLD wale wale wana mfuko mdogo wake, GLDM, ulioanza 2018, dhahabu ile ile kwa ada ya asilimia 0.10, na kodi yake ni sawa kabisa na ya GLD. Kwa mnunuzi mdogo anayekaa muda mrefu sioni sababu ya kulipa mara nne. GLD inawafaa wanaouza na kununua kwa mafungu makubwa kila siku. Hisa zangu zijazo zitakuwa GLDM. Ya tatu ni karatasi, maana maelezo ya kodi ya mfuko yameandikwa kwa ajili ya Mmarekani, na mtu wa nje amepewa aya chache tu.

Mambo mawili ya tarehe kwa anayeanza. Ritani ya mwaka unaoishia Desemba inatakiwa TRA ifikapo Juni 30. Na W-8BEN ina mwisho: ukisaini wakati wowote 2025, inakufa Desemba 31, 2028, na isipohuishwa wakala anaweza kuanza kukuzuilia kodi kana kwamba hajui wewe ni nani. Mimi nimeandika yangu kwenye kalenda, kwa kalamu nyekundu, chini ya tarehe ya leseni ya biashara.